Kiongozi Gani Hukumbukwa na Watu?

Mnamo mwaka 1973 maziwa mawili yaliyo mpakani mwa Kongo na Uganda yalibadilishwa majina. Ziwa Albert likaitwa Ziwa Mobutu Sese Seko, na Ziwa Edward likaitwa Ziwa Idi Amin Dada. Wakubwa wawili waliotawala pande mbili za mpaka walipenda maji yachukue majina yao, ili wavuvi, watoto wa shule na wachoraji wa ramani wawataje daima, hata watakapokuwa wamekwisha kufa. Ziwa la Amin lilirudia jina lake la kwanza baada ya yeye kupinduliwa mwaka 1979. La Mobutu lilingoja mpaka mwaka 1997. Amin alifia Jeddah, katika nchi ya Saudi Arabia, mwaka 2003. Mobutu alifia Rabat, katika nchi ya Moroko, mwaka ule ule aliopoteza utawala, na huko ndiko alikozikwa. Samaki hawakujua lolote.

Ni haki kuongeza kwamba hata majina ya Albert na Edward hayakutoka kwa watu wakaao kando ya maziwa hayo. Yaliletwa na wasafiri wa Ulaya katika karne ya 19, kwa kuwaheshimu wakuu wa nyumba ya kifalme ya Uingereza. Watu wa Bunyoro waliliita lile la kwanza Mwitanzige kabla ya msafiri yeyote kuliona. Basi maji yale yamebebeshwa majina ya wakubwa mara mbili, na mara zote mbili wavuvi hawakuulizwa.

Hapo lipo swali linalostahili kufikiriwa. Jina lililoandikwa juu ya ziwa zima liliweza kufutwa kwa siku chache, wala hakuna aliyelia. Jina la mtu mwingine, ambalo halikuandikwa popote, hukaa midomoni mwa watu, nao huwapa watoto wao jina hilo siku ya ubatizo. Tofauti hiyo yatoka wapi? Je, kiongozi anayekumbukwa ana akili kuliko wengine, au ana nguvu zaidi, au ni bahati tu?

Kwanza yafaa kutenga mambo matatu ambayo watu huyachanganya kila siku: kuogopwa, kushangiliwa na kukumbukwa. Wazee wa Kongo wanajua vizuri jinsi mawili ya kwanza yalivyokwenda pamoja. Katika miaka ya Zaire, habari za jioni katika televisheni zilianza kwa uso wa Rais ukishuka kutoka mawinguni. Wafanyakazi na wanafunzi walitolewa kazini na darasani kwenda kuimba na kucheza nyimbo za kumsifu. Mwaka 1974 Noeli ilifutwa katika hesabu ya sikukuu za mapumziko. Yote hayo yalikuwa shangwe, na shangwe yenyewe ilikuwa kubwa. Lakini mtu anayeimba kwa amri hajulikani moyoni ana nini, na wa kwanza asiyeweza kujua ni yule anayeimbiwa. Hiyo ndiyo adhabu ya kiongozi anayeogopwa: hawezi tena kumwamini hata anayempenda kweli, kwa maana wote hupiga makofi namna moja. Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wangaliweza kuongeza kwamba akisifiwa kwa hofu, yeye mwenyewe hataambiwa kamwe kwamba tembo limeharibika.

Maandiko Matakatifu yanayo habari tatu juu ya jambo hilo, na wasomaji wengi huzipita upesi. Katika kitabu cha pili cha Samweli inaelezwa kwamba Absalomu, mwana wa Daudi, alijisimamishia nguzo alipokuwa angali hai, akaiita kwa jina lake, kwa sababu hakuwa na mwana wa kulitunza jina hilo. Kijana huyu alikuwa na kila kitu ambacho watu hupenda kukiona kwa mkubwa. Alikuwa mzuri wa sura kuliko wote katika Israeli, alikuwa na gari na farasi na watu hamsini wa kukimbia mbele yake, tena alikuwa fundi wa maneno. Alisimama kando ya lango la mji asubuhi, akawashika mkono wenye mashitaka, akawaambia kwamba kesi yao ni njema ila mfalme hana mtu wa kuwasikiliza. Hivyo aliiba mioyo ya watu. Lakini mwili wake ulitupwa katika shimo msituni ukafunikwa kwa mawe, na nguzo yake imebaki katika historia kama alama ya mtu aliyetaka kusifiwa kabla ya kutenda jambo la kusifiwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Habari ya pili ni ya Yoramu mfalme wa Yuda, na ni fupi sana. Alitawala miaka minane huko Yerusalemu, na mwandishi wa kitabu cha Mambo ya Nyakati anasema kwamba alikwenda zake bila mtu kumsikitikia. Miaka minane ya amri na kodi na vita, na hapana chozi hata moja. Habari ya tatu ni ya Musa. Aliwaongoza watu miaka arobaini jangwani, akawavumilia walipomnung'unikia, akawaombea kwa Mungu walipostahili kuangamizwa, na mwisho kaburi lake halikujulikana na mtu yeyote. Absalomu alikuwa na nguzo. Musa hakuwa na hata lundo la mawe, na bado kila mwaka usiku wa Pasaka Wayahudi husimulia safari ile, na Wakristu huisikia ikisomwa katika Vijilia.

Waalimu wa Eklezya waliliona jambo hili mapema. Katika karne ya 13 Mtakatifu Thomas wa Akwino alianza kuandika kitabu juu ya utawala kwa ajili ya mfalme wa kisiwa cha Kipro, naye hakukimaliza. Humo anauliza: mfalme mwema anastahili kupata mshahara gani? Wengine walijibu kwamba mshahara wake ni heshima na sifa. Mtakatifu Thomas anakataa. Sababu yake ya kwanza ni kwamba hakuna kitu dhaifu kama maoni ya watu, yanayogeuka kila siku. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Anayetaka kuwapendeza watu wote kwa kila asemalo na kila atendalo, huwa mtumwa wa kila mmoja wao, na mtumwa hawezi kuongoza. Tena, kwa kuwa fadhila ya kweli ni ngumu kuipata, na sifa hupewa fadhila, mwenye tamaa ya sifa huona njia ya mkato: hujifanya kuwa na fadhila asiyo nayo. Hivyo mnafiki huzaliwa.

Lakini mwalimu huyo hakuwa mkali pasipo kiasi. Anakubali, kama Mtakatifu Augustino alivyokubali kabla yake alipoandika juu ya Warumi wa kale, kwamba anayetafuta sifa ni afadhali kuliko anayetafuta fedha au anasa, kwa sababu angalau anajua kwamba wema ni kitu cha kusifiwa, na aibu humzuia asitende maovu mengi. Maneno haya yana faida kubwa katika nchi ambako wengi hutafuta cheo kwa ajili ya tumbo. Kiongozi anayeogopa jina baya bado ana dawa ndani yake. Asiyeogopa hata jina baya amekwisha kuharibika.

Basi, kama tamaa ya kukumbukwa ni hatari, je, mtu mwema aukimbie uongozi? Kuna mfano katika kitabu cha Waamuzi unaoonya juu ya hilo. Miti ilikwenda kujitafutia mfalme. Mzeituni ukakataa kuyaacha mafuta yake, mtini ukakataa kuuacha utamu wake, mzabibu nao ukakataa kuiacha divai yake. Mwishowe miti ikauendea mchongoma, nao ukakubali mara moja, ukaialika miti yote ije kukaa chini ya kivuli chake. Mchongoma hauna kivuli. Kwa kawaida wahubiri huucheka mchongoma na kuishia hapo. Lakini miti ile mitatu iliyokuwa na kitu cha kuwapa watu nayo ina lake la kujibu, kwa sababu ilipokataa iliacha mlango wazi. Mzazi aliye mwaminifu anayekataa kuhesabu fedha za shule, mkristu mwenye busara anayekataa kuongoza shirika la mtaa wake kwa kuwa hataki maneno ya watu, wasishangae kesho wakiketi miibani.

Hata hapo swali lenyewe halijajibiwa. Imeonekana tu kile ambacho hakimfanyi kiongozi akumbukwe. Ili kuona kinachomfanya akumbukwe ni afadhali kumtazama mtu mmoja, na katika Kivu yuko mtu ambaye hapana haja ya kumtafuta mbali.

Christophe Munzihirwa alizaliwa mwaka 1926 katika nchi ya Bushi. Alipewa upadri mwaka 1958, na miaka mitano baadaye akaingia katika Shirika la Yesu, yaani Wayesuiti. Mwaka 1971, wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium huko Kinshasa walipofanya maandamano, serikali iliwaingiza wote jeshini kwa nguvu. Padri Munzihirwa, ambaye tayari alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na zaidi, hakuwa amelazimishwa na mtu. Aliomba aandikwe pamoja nao, asiwaache peke yao. Tendo hilo linaonekana dogo likilinganishwa na yaliyofuata, na pengine ndiyo maana halisimuliwi mara nyingi. Lakini mwenye macho huona kwamba mambo yote ya mwaka 1996 yalikuwa tayari ndani yake. Kiongozi hajifunzi ushujaa siku ya hatari kubwa. Siku hiyo hufanya tu kile alichozoea kukifanya katika siku ndogo.

Baadaye aliwaongoza Wayesuiti wa Afrika ya Kati, akawa askofu wa Kasongo, na mwaka 1994 akafanywa Askofu Mkuu wa Bukavu. Ulikuwa mwaka mbaya kupita yote. Baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Kivu. Miongoni mwao walikuwamo wanawake, watoto na wazee wasio na hatia, na miongoni mwao pia walijificha wauaji na askari walioshindwa. Watu wa Bukavu waliona miti yao ikikatwa kwa kuni, chakula kikipanda bei, hofu ikiingia katika kila nyumba. Askofu Mkuu alisema wazi kwamba mkimbizi ni mtu, na kwamba haifai kumwadhibu mtoto kwa ajili ya damu iliyomwagwa na mwingine. Aliandika barua baada ya barua kwa wakubwa wa nchi za nje. Wakati huo huo aliwakemea askari wa nchi yake mwenyewe waliowanyang'anya watu mali. Alizoea kusema kwamba yako mambo yasiyoonekana ila kwa macho yaliyolia.

Mwezi wa Oktoba 1996 vita viliingia Kivu ya Kusini. Wakubwa wengi wa serikali na wa jeshi waliondoka Bukavu, kila mmoja kwa njia aliyoipata. Askofu Mkuu alikuwa na njia pia, naye alikaa. Aliwapelekea waamini ujumbe akiwasihi wasimame imara katika upendo, na akasema anatumaini kwamba Mungu hatawaacha, na kwamba pahali fulani duniani patawaka mwanga mdogo wa matumaini kwa ajili yao. Jioni ya tarehe 29 Oktoba gari lake lilisimamishwa na askari mjini. Alishuka, akawaendea kwa miguu, msalaba wake mkononi. Wakamwua. Mwili wake ulibaki barabarani mpaka kesho yake.

Katika Injili ya Mtakatifu Yohane, Bwana Yesu anamtofautisha mchungaji mwema na mtu wa mshahara, na alama anayoitoa ni moja tu: ni nani anayebaki mbwa mwitu anapokuja. Hakusema kwamba mtu wa mshahara hajui kazi. Yawezekana kabisa kwamba anaijua vizuri, anahesabu kondoo pasipo kosa, anajua malisho yote. Siku zote za amani wawili hao hufanana, na hata mwenye kundi aweza kudanganyika. Hapa ndipo sifa nyingi zinazotajwa na watu wanapozungumza juu ya uongozi, kama akili, ufasaha, bidii na kipaji cha kupanga mambo, zinapoonyesha kipimo chake. Ni sifa njema, na kundi lisilo na mchungaji mwenye akili litapata shida. Lakini hakuna mtu aliyelia kwa sababu ya ufasaha uliokufa. Watu hulia kwa ajili ya yule aliyekuwa na ruhusa ya kwenda akabaki.

Neno "ruhusa" linastahili kuangaliwa. Maskini aliyebaki Bukavu kwa sababu hana nauli aliteseka sawa na wote, lakini mateso yake hayakuwa uongozi. Kiongozi ni mtu ambaye cheo chake chenyewe kinampa mlango wa nyuma: gari, fedha, rafiki katika mji mwingine, pasipoti. Watu wanaujua mlango huo. Hawausemi, lakini wanautazama kila siku. Afisa anapompeleka mtoto wake kusoma ng'ambo huku akiisifu shule ya mtaa, anapotibiwa Ulaya huku akizindua zahanati kwa hotuba, wanaomsikiliza hupiga makofi na huku macho yao yako kwenye mlango ule.

Kwa haki lazima pia kusema kwamba Askofu Mkuu huyo hakupendwa na wote. Wapo waliomlaumu kwamba aliwatetea wakimbizi kupita kiasi, wakati kambini walikuwamo watu wenye damu mikononi. Wapo walioona maneno yake juu ya wakubwa wa Rwanda kuwa makali. Lawama hizo hazikuzikwa pamoja naye, na si kazi ya mkristu kuzifuta kwa maua. Ziko familia zilizouawa mwaka 1994 ambazo zina haki ya kuuliza, na kumheshimu shahidi hakumlazimishi mtu kuamini kwamba kila neno lake lilikuwa kamili. Jambo moja lakini haliwezi kukanushwa. Kama angalitafuta sifa, asingalichagua kuwatetea wageni waliochukiwa mbele ya wenyeji waliochoka. Hakuna njia mbaya kuliko hiyo ya kutafuta kura au shangwe. Hapo maneno ya Mtakatifu Thomas yanapata mwili: yule asiyekuwa mtumwa wa maoni ya watu ndiye aliyeweza kuwatumikia watu.

Mwandamizi wake, Emmanuel Kataliko, alikuwa mtu wa namna nyingine, na ni vizuri kumtaja ili mtu asidhani kwamba njia ni moja. Alikuwa askofu wa Beni-Butembo kwa miaka thelathini, tangu 1966, akajulikana kwa kazi za mikono: barabara, shule, zahanati, na chuo kikuu cha Graben kilichoanzishwa mwaka 1989. Alipofika Bukavu mwaka 1997 alikuta kidonda kibichi. Kwa Noeli ya mwaka 1999 aliandika barua akieleza jinsi wageni, pamoja na Wakongo wachache waliokubali kushirikiana nao, walivyokuwa wakiinyonya nchi, na akawaambia waamini wajitoe katika utumwa huo bila chuki. Mwezi wa Februari 2000 waasi waliotawala mji walimfukuza wakamrudisha Butembo. Wakristu wa Bukavu hawakunyamaza. Kwa miezi kadhaa walimdai, mpaka mwezi wa Septemba akaruhusiwa kurudi, nao wakajaa barabarani kumpokea. Hawakuletwa na amri, wala hapana aliyewatoa darasani. Tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule moyo wake ulisimama alipokuwa safarini Italia, na mwili ukaletwa kuzikwa Bukavu.

Inafaa sasa kutazama jambo ambalo huwasumbua wengi: je, kiongozi aliyekosea aweza kuheshimiwa? Mfano ulio karibu ni wa Julius Nyerere, ambaye wasemaji wa Kiswahili kutoka Dar es Salaam hadi Kisangani humwita Mwalimu. Katika miaka ya 1970 serikali yake iliwahamisha mamilioni ya wakulima na kuwakusanya katika vijiji vya ujamaa, mara nyingi kwa nguvu, na wengi wakapata hasara. Uchumi ulidhoofika. Hayo si masingizio ya maadui. Na bado, mtu aliyesoma maongozi yake yalivyoharibu mashamba hushangaa kuona wakulima wale wale wakimlilia alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na Jimbo la Musoma likaanza kesi ya kumtangaza mwenye heri. Mwaka 1985 aliacha urais kwa hiari, akarudi kwao Butiama. Hakuna aliyeweza kusema kwamba alijitajirisha.

Samweli alipozeeka alifanya jambo ambalo wakubwa wachache hulithubutu. Aliwakusanya Waisraeli wote, akasimama mbele yao na mbele ya mfalme mpya, akauliza ni ng'ombe wa nani aliyemtwaa, ni punda wa nani, ni nani aliyemdhulumu, ni kwa nani alipokea rushwa ili afumbe macho. Akaahidi kurudisha. Watu wakajibu kwamba hakuna. Ajabu ni kwamba hakuwauliza kama hakukosea kamwe. Alikuwa amekosea, na Maandiko hayaifichi habari hiyo: aliwaweka wanawe kuwa waamuzi, nao wakapenda fedha. Watu walimlalamikia kwa hilo. Lakini walijua kutofautisha kosa la mzee aliyepotea njia akiwa anawatafutia maji, na kosa la mzee aliyewauzia maji yao wenyewe. La kwanza husamehewa, hata likiwa kubwa. La pili halisahauliki, hata likiwa la punda mmoja.

Yote yaliyosemwa hadi hapa yamehusu maaskofu, wafalme na marais, na msomaji wa kijijini aweza kuona kwamba hayamhusu. Ingekuwa hasara. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, misioni nyingi za mashariki ya Kongo zilibaki bila padri. Wengine waliuawa, wengine walifungwa, wengine walilazimika kuondoka. Katika vijiji vingi walioongoza sala siku za Dominika, waliobatiza watoto walio karibu kufa na kuwazika wafu, walikuwa walimu wa dini, watu wenye mke na shamba, waliosoma miaka michache tu. Majina yao hayamo katika vitabu. Hakuna njia ya mji iliyopewa majina yao, sembuse ziwa. Nao wangaliweza kuyaficha masalaba na rozari na kukaa kimya, bila mtu wa kuwalaumu.

Mtakatifu Luka ameeleza katika Matendo ya Mitume jinsi mama mmoja wa Yopa, aliyeitwa Tabita au Dorkasi, alivyokufa. Hakuwa mfalme wala mzee wa Kanisa. Alikuwa na mikono iliyojua kushona. Petro alipofika na kupandishwa katika chumba cha juu alipolazwa maiti, hakusomewa hotuba ya sifa zake. Wajane walimzunguka wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao.